Stadi iliyokatika kwenye IST: wiki tatu, nati mbili ngeni, Sh 50,500

Jumamosi, 3 Agosti 2024

Sikuwa na nia ya kugusa stadi, ile bolti inayofungiwa nati ya tairi. Gari, Toyota IST ya 2004, lilikuwa linalia mbele kushoto kila nikikanyaga breki, mlio mwembamba kama bawaba ya mlango usiopakwa mafuta. Nikasema nifungue tairi nitazame pedi kabla ya Nane Nane, basi. Kazi ya nusu saa.

IST ina nati nne kila tairi. Matairi mawili ya mbele nilibadilisha katikati ya Julai kwenye banda moja la matairi hapa Morogoro, yakafungwa kwa mashine ya upepo. Leo nati tatu zilifunguka kwa spana bila ugomvi. Ya nne ilizunguka robo, ikagoma. Nikairudisha, nikajaribu tena, ikagoma palepale.

Hapo ndipo mwenye akili anaweka spana chini. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikachukua bomba la sentimita 90 lililobaki kwenye kazi ya tenki, nikalivika kwenye mpini wa spana na kuegemea. Nati ilisogea huku inakoroma. Nikajipongeza. Kisha mkono ukahisi ulaini fulani, kama spana imeshika siagi badala ya chuma, sekunde mbili hivi, halafu *tak*. Nati ikaanguka kwenye vumbi, na kipande cha stadi kikiwa ndani yake.

Tairi lilitoka vizuri, maana hakuna kilichobaki cha kulizuia. Kwenye habu, kile kitovu ambacho tairi linafungwa juu yake, kimebaki kisiki kinachochomoza juu ya diski ya breki kama milimita nane. Nilikitazama kwa tochi ya simu. Sura ya mkato haikuwa ya rangi moja: sehemu kubwa ilikuwa ya kijivu, yenye chembechembe zinazometa kama sukari guru iliyovunjwa, lakini pembeni kulikuwa na mwezi mwembamba mweusi wenye kutu. Kutu haiingii ndani ya chuma kwa dakika tano. Stadi ilianza kupasuka kabla ya leo, bomba langu limemalizia tu. Simaanishi kwamba sina kosa. Niliegemea bila hesabu.

Hesabu nimeifanya usiku. Nati za gari hili zinatakiwa kukazwa kwa nyutoni-mita 103 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Hata nikisema niliegemea kwa nusu tu ya kilo zangu 78, bomba la sentimita 90 lilitia nyutoni-mita 344. Zaidi ya mara tatu ya kinachohitajika kukaza, mimi nikifungua.

Pedi zina unene wa kutosha. Chanzo cha mlio sijakiona.

Nimerudisha tairi kwa nati tatu ili gari lishuke kwenye jeki, halafu limekaa. Mama watoto akauliza kwa nini tusilitumie, mbona bajaji inatembea na matairi matatu. Nikamwambia bajaji ilizaliwa hivyo. Kwenye gari la nati nne, ukipoteza moja, mbili za jirani zinabeba mzigo usio wao, na hizo mbili zilifungwa na mashine ileile iliyofunga hii.

Jumapili, 4 Agosti

Siku ya kuharibu zaidi.

Ninachokijua kuhusu stadi za tairi ni hiki: haifunguliwi kwa kuzungusha. Haina nyuzi kwenye habu. Imesukumwa kutoka nyuma, kichwa kimekaa nyuma ya habu, na shingoni ina vimeno vya kusimama vinavyouma chuma ili isizunguke. Kwa hiyo kuitoa ni kuirudisha ilikotoka, kuelekea kwenye injini. Kumbe nilijua hilo tu, na mengine nikabuni.

Nilipuliza dawa ya kulegeza kutu kwa mbele (kopo jipya, Sh 9,000), nikasubiri nusu saa, nikachukua nyundo ya misumari na kuanza kugonga kisiki. Diski sikuitoa, maana kutoa diski ni kutoa kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski), na kutoa kalipa niliona ni kazi nyingine. Nikagonga labda mara hamsini. Kisiki hakikurudi nyuma hata nywele. Kilichotokea ni kwamba ncha yake ya mbele ilitanuka ikawa uyoga, na uyoga ule sasa ni mpana kuliko tundu linalotakiwa kupita. Yaani nimetengeneza rivet.

Fundi jirani, mzee ambaye ametengeneza Land Rover tangu mimi sijaanza shule, alisikia kelele akaja na kikombe chake cha chai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Unatengeneza gari au unaua beringi?"

Akaniuliza habu imeshikwa na nini. Nikafikiri. Habu imeshikwa na beringi. Kila nyundo niliyogonga ilipita kwenye stadi, ikapita kwenye habu, ikatua kwenye vigololi. Nyundo nyepesi, akasema, haina nguvu ya kusogeza stadi, inaishia kuponda ncha tu. Na mtu akiona haisogei anaongeza idadi. Kama ni lazima kugonga, nyundo ya kilo mbili, mara tatu, diski ikiwa chini. Vinginevyo tumia pula, kifaa cha kusukuma kwa kukaza skrubu badala ya kugonga.

Akanitajia bei: nimpelekee gari, elfu ishirini na tano, stadi juu yangu. Nilikataa kwa adabu. Nilijiambia nakataa kwa sababu nataka kujifunza.

Jumatatu, 5 Agosti

Baada ya vipindi nilipanda bodaboda kwenda mjini kununua stadi. Nikasema "stadi ya IST, mbele." Muuzaji akachota mbili kutoka kwenye boksi lisilo na maandishi, Sh 3,000 kila moja. Zilikuwa nyeusi, mpya, zinanukia mafuta. Nikalipa.

Nyumbani nilichukua moja ya nati zangu tatu nzima nikaifunga kwenye stadi mpya kwa vidole. Iliingia mzunguko mmoja na nusu, ikasimama. Nikajaribu nati nyingine, hivyohivyo. Mawazo yangu ya kwanza yalikuwa kwamba stadi mpya ina rangi kwenye nyuzi. Nilikaribia kuchukua spana. Nashukuru nilikumbuka nati ya Jumamosi nayo ilianza hivyo.

Jumanne, 6 Agosti

Leo nimetumia jiliwa la karakana ya shule na kipimo cha vernia cha maabara ya fizikia, kwa ruhusa ya anayekitunza, ambaye alitaka kujua kama stadi ni mada ya kidato cha pili.

Nilibana ile nati iliyovunjika na kipande chake. Nati za gari hili ni za kofia, zimezibwa mbele, kwa hiyo ukiwa nje huwezi kuona kinachoendelea ndani. Nilikata pande mbili kwa msumeno wa chuma (bleti moja imekwisha, Sh 3,000), kisha patasi ikapasua. Ilichukua kipindi kizima na sehemu ya chai.

Ndani ndiko kulikuwa na jibu. Nyuzi mbili za kwanza zilikuwa safi, halafu kulikuwa na vurugu: chuma kimeburuzwa, kimejikunja, kimejaa kwenye mabonde kama udongo kwenye soli ya kiatu. Kilichonishtua zaidi ni nyuzi zile mbili safi. Zilikuwa zimekaribiana kuliko nyuzi za stadi iliyokuwa imekaa ndani yake.

Nikapima. Kwenye stadi, uzi wa kwanza hadi wa kumi na moja ni milimita 15. Hatua 10, kila moja 1.5. Kwenye nati nyuzi zilikuwa chache mno kupimwa hivyo, nikachukua ile stadi mpya ya Jumatatu nikaibandika kwenye nusu ya nati mbele ya dirisha. Nyuzi zikalala kila moja ndani ya mwenzake bila mwanga kupenya. Stadi mpya: hatua 10 ni milimita 12.5.

Basi. Toyota inatumia milimita 12 kwa uzi wa 1.5. Nissan inatumia milimita 12 kwa uzi wa 1.25. Unene ni uleule, spana ni ileile ya 21, koni ya kukalia rimu ni ileile. Tofauti ni robo ya milimita kati ya uzi na uzi, ambayo vidole vinaisikia baada ya mzunguko mmoja na nusu, na mashine ya upepo haiisikii kabisa. Kwenye banda la matairi, nati ya Nissan ilipigwa kwenye stadi ya Toyota, ikajichimbia njia. Na Jumatatu mimi mwenyewe niliuziwa stadi za Nissan. Kosa moja limenipata mara mbili ndani ya wiki tatu, mara ya pili kwa fedha taslimu.

Anayenunua stadi, usitaje gari halafu ukaondoka. Nenda na nati yako nzima mfukoni, ifunge kwa vidole hadi mwisho palepale kaunta.

Jumatano, 7 Agosti

Nilipita kwenye banda la matairi. Sikwenda kugombana, nilikwenda kuona. Nati za magari yote yaliyo juu ya jeki zinakaa kwenye beseni moja la plastiki la bluu. Nilipoonyesha nusu mbili za nati, msimamizi alisema huenda nilikuja nazo hivyo. Kisha, kwa ukarimu, akaniambia nichague nyingine kwenye beseni, bure.

Jambo lililonipata njiani wakati narudi: kama mimi nina nati ya Nissan, basi kuna Nissan hapa mjini inatembea na nati yangu. Ya 1.5 juu ya 1.25. Sina namna ya kumtafuta mwenyewe.

Kwa muuzaji wa stadi nako, "mali ikitoka hairudi". Sh 6,000 zimekwenda. Muuzaji wa duka la pili alikuwa mwema zaidi, alikataa kuniuzia. Aliniuliza shingo ya stadi ina milimita ngapi. Sikujua. Akasema hata ya Honda itakubali nati yangu, uzi ni 1.5 vilevile, ila shingo yake ni nyembamba, itapita kwenye tundu la Toyota kama kidole kwenye pete ya mtu mwingine. Toa kwanza kisiki, Mwalimu, pima, halafu njoo.

Nilikuwa nimepanga kazi kinyume tangu Jumatatu.

Alhamisi, 8 Agosti (Nane Nane)

Watu wamekwenda kwenye maonyesho, mtaa umetulia. Nimeazima pula ya bolijointi kwa yule mzee jirani. Hakutaka kodi, nilimwachia Sh 5,000 ya soda.

Mambo ya kawaida kwa kifupi: breki ya mkono, mawe nyuma ya matairi, ubao chini ya jeki kwa sababu ya udongo, na tairi la akiba limelazwa chini ya bodi ili jeki ikiteleza gari likae juu yake na si juu yangu. Bolti mbili za 17 nyuma, kalipa na bano lake vikatoka pamoja, nikavifunga kwa waya kwenye springi. Usiiache kalipa ining'inie kwa mpira wa breki.

Diski iligoma. Imeshikana na habu kwa kutu. Ina tundu mbili ndogo zenye nyuzi, ambazo kwa miaka yote nilidhani ni mapambo. Ni za bolti za M8: unaingiza mbili (Sh 1,500 zote), unakaza moja nusu mzunguko, unahamia nyingine, na diski inajisukuma yenyewe. Ilitoka na mlio wa kengele, na nyuma yake kikaanguka kijiwe cheusi cha ukubwa wa punje ya hindi. Kilikuwa kimenaswa kati ya diski na bati la vumbi, lile bati jembamba lililo nyuma yake. Huo ndio ulikuwa mlio wa breki. Nilikaa chini kidogo.

Sasa kisiki. Diski ikiwa imetoka, urefu wake uliongezeka, nikapata nafasi ya kukata uyoga kwa msumeno na kusawazisha kwa tupa. Sikufanya vizuri mara ya kwanza. Niliacha ncha ikiwa na mgongo kama wa kobe, na pula ilipoanza kukaza ilitereza pembeni ikakwangua habu. Nilirudia tupa mpaka ncha ikawa bapa kabisa, na katikati nikatia kishimo kwa ponchi ili ncha ya pula ipate pa kukaa. Hicho kishimo kilikuwa na thamani kuliko dawa yote ya kutu.

Dawa nayo safari hii nilipuliza kwa nyuma, kwenye kichwa cha stadi. Kwa mbele Jumapili nilikuwa naogesha nyuzi ambazo hazina kazi tena.

Kabla ya kukaza pula nilizungusha habu ili kisiki kitazame pale kalipa ilipokaa. Bati la vumbi limekatwa sehemu hiyo, na ndiyo njia pekee ya stadi kutokea nyuma. Sehemu nyingine zote, hata ukifanikiwa kuisukuma, kichwa kinagonga bati na kubaki ndani.

Nilikaza. Pula ikapinda kidogo, au niliona hivyo. Nikaacha dakika kumi ikiwa na mkazo wake, nikaenda kunywa maji. Niliporudi nikaongeza robo mzunguko, na ikalia *tang!* ambayo ilimfanya mbwa wa jirani abweke. Nilidhani pula imevunjika. Ilikuwa stadi, imesogea milimita mbili. Kutoka hapo ilifuata spana kwa utii, na kwa kuinamisha kidogo ikatoka kupitia ule mwanya.

Nimezungusha habu kwa mkono nikiwa nimeshika springi kwa mkono mwingine, nikisikiliza beringi kwa vidole. Haina mkwaruzo. Nyundo zangu hamsini zimesamehewa, inaelekea.

Shingo ya stadi niliyoitoa, juu ya vimeno: milimita 14.3. Shingo ya zile za Jumatatu ni 13 na kidogo. Hata kama uzi ungekubali, zingecheza ndani ya tundu.

Ijumaa, 9 Agosti

Nilienda kwa muuzaji wa duka la pili nikiwa na stadi kuukuu na nati nzima mfukoni, na vernia kwenye mkoba. Stadi mbili, Sh 5,000 kila moja. Nati mbili mpya, Sh 3,000 kila moja. Kila kitu kilijaribiwa kaunta. Wateja wengine waliona kama kuna mdhibiti wa viwango amekuja.

Nimenunua mbili kwa sababu tairi la mbele kulia nalo lilifungwa siku ileile, mbele ya beseni lilelile.

Jumamosi, 10 Agosti

Kuingiza. Stadi unaipitisha kwa nyuma kwenye mwanya uleule, kisha unaivuta kwa mbele kwa nati na washa (vile vibati vya duara vyenye tundu). Hakuna kugonga.

Jambo dogo ambalo nisingelijua bila kulishika: vimeno vya stadi ya zamani vimeacha mifereji ndani ya tundu la habu. Ukiisukuma stadi mpya kwa kidole huku unaizungusha taratibu, kuna mahali inadondokea, unaisikia imekaa kama ufunguo. Ukianza kuvuta bila kuitafuta mifereji hiyo, vimeno vipya vinakata mifereji mingine juu ya ile ya zamani na tundu linabaki limelegea.

Nikapanga washa nne zenye grisi katikati yake, nikafunga nati mpya ya kofia, nikazuia habu kwa mtalimbo uliopita kati ya stadi mbili nyingine (nikizivika nati ili nyuzi zisiumie), nikakaza. Stadi ilikuja vizuri, ikawa ngumu, ikasimama. Nikaridhika. Nilikuwa nimeshanyanyua diski kuirudisha ndipo nikainama kuchungulia nyuma kwa tochi.

Kichwa hakijakaa. Kati yake na habu wembe uliingia wote, na ukabaki unacheza.

Kilichotokea ni kwamba ncha ya stadi ilifika mwisho wa kofia ya nati. Nati iligongana na stadi yenyewe, si na washa, na mkononi hisia ni ileile ya kitu kilichokaza kabisa. Kama ningefunga tairi hivyo, stadi ingejivuta yenyewe barabarani siku za mbele, na nati ingebaki imelegea mimi nikijua nimekaza. Nadhani hili ndilo kosa la hatari kuliko yote niliyoyafanya, na lilikuwa la kimya.

Nilimfuata mzee. Akanipa nati ya wazi, isiyo na kofia, iliyolala kwenye kopo la maziwa pamoja na ndugu zake. Unaigeuza upande wake bapa utazame washa, upande wa koni nje, ili mkazo usambae. Nimeongeza washa ya tano (zote Sh 2,000). Safari hii ilivuta hadi kichwa kikagusa habu, na wembe ukagoma kuingia pande zote. Nati hiyo ya kuvutia usiitumie tena kwenye tairi, imeshateseka. Nimemrudishia na kopo lake.

Kisha upande wa kulia. Nati tatu zilitoka. Moja ikazunguka robo na kugoma. Nilicheka peke yangu.

Hapa sikuchukua bomba. Nilipuliza dawa nyuma ya nati, nikaifungua mpaka inapogoma, nikairudisha nusu ya nilipofika, nikapuliza tena. Mbele kidogo, nyuma kidogo. Kila inaporudi inamwaga unga wa chuma ulioisonga, na unajua hilo kwa sababu safari inayofuata inakwenda mbele zaidi. Dakika arobaini. Ilipotoka, ndani ya kofia kulikuwa na vizongo vyembamba vya chuma kama nywele za msusi, na stadi ilikuwa nzima lakini nyuzi zimeliwa. Nikaitoa kwa pula, nikaingiza ya pili kwa nati ya wazi. Saa moja na nusu toka mwanzo hadi mwisho, ikilinganishwa na siku nane za upande wa kushoto.

Kwa hiyo ile Nissan ina nati zangu mbili.

Nati nyingine zote, pamoja na nane za nyuma, nimezifungua moja moja na kuzizungusha kwa vidole hadi mwisho. Zote zinakwenda. Nyuzi nimezifuta kwa brashi ya waya na kuziacha kavu. Kuna wanaopaka grisi. Kipimo cha 103 ni cha nyuzi kavu. Ukipaka grisi, mkazo uleule wa spana unaivuta stadi zaidi, na mimi nimeshaona stadi iliyovutwa zaidi inafananaje.

Spana ya kipimo sina na sikupata ya kuazima. Nimetumia mizani ya kuning'inia ya muuza viazi wa Kihonda. Nyutoni-mita 103 kwenye mpini wa sentimita 35 ni mvuto wa kilo 30 ukiwa umenyooka pembe mraba na mpini. Unaning'iniza ndoano mwishoni mwa mpini, unavuta mpaka mshale ufike 30, unahamia nati ya mkabala. Mzee alisimama kwenye uzio akaangalia mpaka nati ya nane.

"Mwalimu, umefunga gari kwa mizani ya viazi."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Na gazeti liandikwe."

Jumamosi, 17 Agosti

Wiki nzima nimetembea mjini, na jana nilikwenda Dakawa na kurudi. Hazijafika kilomita 150 zote. Mlio haupo. Leo nimerudisha mizani kwenye nati zote nane za mbele, gari likiwa baridi. Zile sita za zamani hazikusogea kabla ya mshale kufika 30. Mbili mpya zilisogea, kila moja kama upana wa ukucha, kushoto zaidi kuliko kulia. Nilichungulia nyuma kwa wembe tena kupitia mwanya. Hauingii.

Gharama zote, kwa anayetaka kujua: dawa ya kutu 9,000, stadi zisizo sahihi 6,000, bleti ya msumeno 3,000, bolti za M8 1,500, soda ya mzee 5,000, stadi sahihi 10,000, nati 6,000, washa 2,000, bodaboda kwenda na kurudi mjini 8,000. Jumla Sh 50,500 kwa magurudumu mawili. Mzee alitaka 25,000 kwa moja, na sina shaka angemaliza kabla ya adhuhuri. Ila asingekata ile nati kuitazama ndani, na mimi ningeendelea kutembea na ya kulia.

Jumamosi, 24 Agosti

Nimekaza tena. Hakuna iliyosogea hata moja. Mizani imerudi kwa mwenyewe, vernia imerudi maabara. Nusu mbili za nati ziko kwenye droo ya meza yangu shuleni, kidato cha pili wameanza mada ya vipimo.